Mawe Niliyoyatoa Kwenye Kona

Mama Mwende,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mtoto, na kwamba kikohozi cha mama kimepungua. Mimi mwili uko salama, ila moyo hautulii. Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Simu nimeizima tangu Jumatatu, na anayekuletea hii ni dada wa kanisani anayepitia hapo Mwingi.

Ile kazi ya duka la zamani la Wahindi, karibu na stesheni ya reli, ndiyo imeniletea haya. Ni jengo la ghorofa, la mawe, lenye varanda ya mbao. Ukutani kuna kibao kinachosema serikali imelisajili kuwa kumbukumbu, na kulibomoa ni kosa. Tuliambiwa tunalikarabati. Juu anaishi Mama Kaur, mjane wa Kisingasinga aliyezaliwa humo humo. Kila siku saa nne alitushushia chai ya tangawizi, akishikilia ukuta.

Wiki iliyopita msimamizi aliniita peke yangu nyuma, chini ya ngazi. Akaniambia nitoe mawe ya kona, mistari miwili, halafu niweke bati mbele shimo lisionekane. Nikamuuliza tutarudishia lini. Akasema, "Haturudishii, fundi. Mvua itamalizia."

Hapo nikaelewa. Nyumba ikianguka yenyewe, hakuna wa kushtakiwa, na kiwanja kinabaki wazi kwa ghorofa mpya ya hao waliotuajiri.

Mke wangu, sijakuficha kitu tangu tuoane. Niliyatoa. Niliogopa kufukuzwa. Nilikuwa kwenye mstari wa pili nikasikia fimbo ya Mama Kaur ikigonga sakafu juu yangu, kisha mchanga ukanimwagikia shingoni. Niliacha tindo pale pale nikapanda ngazi.

Mwanzo hakuniamini. Alisema nyumba hiyo iko kwa gazeti ya serikali, nani ataigusa. Nikamshika mkono hadi chini, nikasogeza bati. Aliingiza mkono kwenye lile shimo mpaka kwenye kiwiko. Kisha akaniomba nimpeleke ofisi ya mambo ya kale.

Afisa aliyekuja ni mama mpole, lakini alisimamisha kazi siku hiyo hiyo. Aliagiza mbao za kutegemeza ukuta, akaniambia nirudishe mawe yeye akitazama. Nimeyarudisha. Ila chokaa mbichi si kama ya zamani, na mvua imeanza kutoka ziwani kila alasiri. Tumemsihi Mama Kaur ahamie kwa jamaa zake, amekataa. Analala juu ya kona ile. Kila ngurumo ikipiga nasimama.

Jumatatu msimamizi alinipigia. Hakutukana. Alisema taratibu, "Baba Mwende, najua kwenu ni wapi. Hata jina la soko lenu nalijua." Mimi mwenyewe nilimwambia, siku tulipokuwa marafiki. Nimehama chumba, niko mtaa wa Mamboleo kwa mzee wa kanisa. Nikisikia pikipiki ikipunguza mwendo nje, nasimama nyuma ya mlango.

Tafadhali, mwite kaka yangu aje alale hapo nyumbani. Mtu usiyemjua akiniulizia, mwambie hujui nilipo, na usimpe kiti. Mwende asiende kisimani peke yake.

Afisa anataka maelezo yangu kwa maandishi, yenye jina na nambari ya kitambulisho. Bila hayo, anasema, watadai ukuta ulikuwa umechoka. Nimeahidi kwenda kesho asubuhi. Sikukuuliza kwanza, na hilo linaniuma kuliko vitisho, kwa sababu nyumba atakayoijia mtu ni yako pia.

Mpe mama pole zangu. Msalimie kaka yako mwalimu, na mke wa kaka yangu, mwambie nguo alizomshonea Mwende nilipenda picha zake. Mtoto mwambie baba yuko kazini.

Nitakwenda, Mama Mwende. Naogopa, lakini nitakwenda.

Ni mimi mumeo,
Baba Mwende