Karatasi Chini ya Kiti cha Nyuma

Toledo, Ohio
9 Mei

Kaka Wendell,

Huku hatujambo, theluji imeisha. Ile Dodge ya bluu uliyonipa, unayosema uliinunua mnadani Arizona, nimeanza kuikwangua rangi. Kila Jumamosi unanipigia simu nipake rangi upesi. Haraka ya nini? Chini ya bluu kuna nyekundu. Nikalikumbuka gari la Baba, lakini magari mekundu ni mengi. Kisha nikang'oa kiti cha nyuma, nikakuta kwenye springi karatasi ya kiwandani yenye namba ya chasisi. Ni ileile iliyo kwenye hati za gari la Baba, lile ulilotuambia uliibiwa ukiwa nalo.

Jana Baba aliingia gereji, akafungua mlango wa dereva kwa kuuinua kwanza. Sikuwa nimemwambia kwamba unakwama.

"Wendell alisema kalinunua wapi?" akaniuliza.

Nimemwambia utampigia wewe.

Dada yako,
Loretta