Samaki Kumi na Wawili wa Baba

Kwako Mama yangu mpendwa,

Ninakuandikia nikiwa kwenye meza yako katika ofisi ya walimu, ile iliyo karibu na dirisha linalotazama barabara ya Homa Bay. Mwalimu mkuu amenikabidhi darasa lako hadi muhula utakapokwisha. Matokeo yangu yalitoka baada ya mazishi yako: shahada ya ualimu wa hisabati, daraja la kwanza. Nilikuwa nimekwisha kuitunga sentensi ya kukuambia, nikapanga hata mahali pa kutua ili upate nafasi ya kupiga kigelegele. Ninayo bado. Sijampata wa kumwambia.

Ulinifundisha nyumbani na ukanifundisha shuleni, nami sikuweza kukukwepa popote. Vitabu vya hesabu vilijaa watu wanaouza machungwa katika masoko yasiyo na jina, nawe hukuwataka. "Huyu Juma simjui," ulikuwa ukisema huku ukimfuta ubaoni. "Tumchukue mtu tunayemjua." Kisha ukaandika kwa mwandiko wako ulionyooka: Baba Akeyo ametoka Homa Bay na samaki arobaini.

Darasa zima likanigeukia. Baba alikuwa kweli barabarani saa hiyo, sanduku la samaki limefungwa kwa mipira nyuma ya baiskeli, akipanda vilima kuja Rangwe. Ubaoni ulimwuzia robo ya samaki njiani, ukamwuzia tatu kwa tano ya waliobaki sokoni, na wote waliosalia ukamfanya awamalize jioni kwa bei ya chini. Kila hesabu yako ilifunga kwa swali lile lile: Aliporudi nyumbani, alikuwa amepata faida ya shilingi ngapi?

Unamkumbuka Ouma, aliyeketi nyuma yangu? Yeye alichukua tatu kwa tano ya samaki wote badala ya waliobaki, akaona wamesalia sita. Jioni ile tulipompata Baba sokoni, Ouma alimpigia kelele kwa Kijaluo, mbele ya wateja: "Wuon Akeyo! Baba Akeyo, umebaki na sita tu!"

Baba akafungua sanduku, akahesabu kwa kidole, polepole, kama mtu aliyeshtuka. "Sita? Na hawa wengine ni wa nani? Ouma, unaniibia waziwazi hivi, watu wakiona?"

Wanawake wa mboga walicheka hadi wakashikana. Naye aliporudi nyumbani alikuja moja kwa moja kukushtaki. "Mwalimu, wanafunzi wako watanifilisi. Kesho niuzie vizuri. Niongezee hata mbuta mmoja mkubwa."

Hukuinua macho kutoka kwenye mboga ya sukuma uliyokuwa ukikata. "Wewe endesha baiskeli, Wuon Akeyo. Biashara niachie mimi."

Sijui kama ndoa nyingine hutaniana kwa njia ya hesabu za sehemu. Yenu ilitaniana hivyo, na mimi nilikulia katikati ya utani huo nikidhani kwamba ndivyo watu wote wanavyopendana.

Kisha likaja lori lile. Samaki walitawanyika lamini, na jirani aliyekuja kutuita alikuwa ameshika kiatu kimoja cha Baba. Sitayaandika mengine, ulikuwapo.

Uliporudi darasani baada ya kumzika, mimi nilikuwa dawati la mbele. Ulichukua chaki, nasi tukasubiri kuona utamleta nani mahali pake. Ukaandika: Baba Akeyo ametoka Homa Bay na samaki arobaini. Hakuna aliyefungua daftari. Ouma, ambaye hakuwahi kujua kuogopa, ndiye aliyesimama. "Lakini Mwalimu, Baba Akeyo si alikufa?"

Ulikuwa umetupa mgongo. "Kwenye hesabu bado yuko njiani," ulisema. "Kaa chini. Anza na robo."

Nilikuwa mtu mzima, nikifanya mazoezi ya kufundisha Isebania, nilipoelewa ulichokuwa umefanya. Nilikuwa nikitunga hesabu ya kuwapa wanafunzi wangu wa kwanza, nikijaribu kuiga mtindo wako, na mkono ukasita kwenye swali la mwisho. Nilikumbuka kwamba tangu siku ile hukuuliza tena habari ya faida, wala hukuandika tena maneno "aliporudi nyumbani". Swali lilibadilika, likawa moja kwa miaka yote: Amebaki na samaki wangapi? Hukumruhusu amalize. Mchuuzi ambaye bado ana samaki ana sababu ya kuchelewa, na anayemsubiri ana sababu ya kusubiri. Nilikupigia simu jioni hiyo nikiwa na hayo yote kifuani, nikakuuliza tu kama umekula. Ukasema umekula dagaa wa omena. Tukaongea kuhusu mvua.

Hesabu yako ya mwisho niliikuta ubaoni, Mama. Hakuna aliyethubutu kuifuta tangu ulipotoka darasani ukishikilia ukuta, ukapelekwa hospitali na usirudi. Jibu lilikuwa limepigiwa mstari: samaki kumi na wawili.

Mwalimu mkuu, kwa nia njema, alinishauri nitumie majina ya vitabuni. "Watoto wamelia vya kutosha, Akeyo. Wape Juma." Nikawapa Juma. Wakaniuliza Juma ni wa wapi, anauza soko gani, na kwa nini hajui kupandisha bei siku ya soko. Walipata majibu sahihi wakiwa wamepooza. Hatimaye Awino, mdogo kuliko wote na mwenye sauti kuliko wote, akasema walichokuwa wakinong'onezana: "Mwalimu, yule mwenye samaki kumi na wawili je? Wataoza."

Nilibaki na swali hilo hadi wakati wa kutunga mtihani wa kufunga muhula. Nina shahada, nimesoma nadharia za kufundisha, na bado nilikaa mbele ya karatasi tupu nikimwogopa mchuuzi wa samaki. Kumwacha njiani ni kukutii. Lakini wewe, uliyekuwa ukimsubiri, hupo tena nyumbani. Sikuona anachelewa kwa ajili ya nani.

Basi niliandika hivi: Baba Akeyo alikuwa amebaki na samaki kumi na wawili. Aliuza thuluthi moja kwa mama wa hoteli, kisha akauza robo tatu ya waliobaki kwa majirani. Wote waliosalia aliwapeleka nyumbani kwa mke wake, ambaye ni mwalimu. Alipofika nyumbani, alikuwa na samaki wangapi?

Waliinamia karatasi zao, Mama. Nilisikia penseli tu. Ninakuarifu, kwa fahari ninayodhani ungeielewa, kwamba hakuna aliyesahau kwamba ni robo tatu ya waliobaki, si ya wote.

Nilipokuwa nikikusanya karatasi, Awino alinishika mkono wa nguo. "Wawili," alisema. "Kwa hivyo amefika?"

"Amefika."

"Mmoja wake, mmoja wa Mwalimu." Akawagawa kwa vidole, akaridhika, halafu uso wake ukabadilika. "Na wewe je? Wewe utakula nini?"

Nilikuwa nimeipitia hesabu hiyo mara nyingi nikitafuta kosa, na sikuwa nimeona kwamba sikujiwekea samaki. Nilimwambia Awino kwamba mimi nilishakula. Aliniangalia kama ulivyokuwa ukiniangalia ukijua sijasema kweli, akaenda zake.

Kuleni, Mama. Usimwekee akiba mtu mwingine jioni hii, na mwambie Baba asiamke mapema kesho. Nitaifuta mimi ile hesabu ya ubaoni.

Wenu, mtoto mliyemshibisha,
Akeyo