Baba Amefariki, Yasema Tovuti ya Feri

Bergen, 3 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Hujambo na baridi hiyo? Mgongo je? Mimi mzima, ila kazi imenibana.

Tovuti ya kampuni yetu ya feri ina kurasa maelfu, na kila ukurasa ulikuwa na kichwa chake, yale maandishi ya juu, na mguu wake, yale ya chini. Kubadili namba ya simu tu ilikuwa adhabu! Sasa nimetengeneza faili moja la kichwa na moja la mguu, kurasa zote zinachota humo. Nikigusa pale, kote kumebadilika.

Na Baba Mkubwa Eilert? Bado mmenuniana kwa ajili ya kibanda cha mashua? Ninyi ni wazee sasa, Baba. Mpigie.

Binti yako,
Turid

Kisiwani, 9 Februari

Turid,

Marahaba. Nilikuwa mzima mpaka leo asubuhi. Nimefungua ratiba ya feri, chini kuna utepe mweusi: "Nahodha Oddvar Nesvik amefariki. Tunaomboleza." Nikafungua nauli: nimekufa. Nikafungua ukurasa wa mbwa na paka safarini: huko nako nimekufa! Majirani wameshusha bendera nusu mlingoti. Jorunn wa nyumba ya pili kaniletea keki ya msiba. Nilipomfungulia mlango kapiga yowe, keki chini. Kuna nini, mwanangu?

Baba yako, aliye hai

Bergen, 9 Februari

Baba,

Nisamehe! Nahodha wetu mstaafu akifa, huwa tunaweka utepe ule. Nilikuwa naujaribu, nikahitaji jina, likanijia lako. Nikadhani niko kwenye faili la majaribio, kumbe ni lile la mguu, la kurasa zote. Nimeshautoa.

Lakini Baba Mkubwa hapokei simu. Mkewe anasema ameuona utepe, kavaa suti nyeusi, katoka. Moyo wake mbovu, Baba! Akifika, usimtokee ghafla.

Mwanao mpumbavu,
Turid

Kisiwani, 10 Februari

Turid mwanangu,

Barua pepe yako imenikuta yeye ameshafika. Miaka tisa hajakanyaga hapa. Kuniona tu mlangoni, akaketi thelujini.

"Mshenzi we, Oddvar!" akasema. "Njia nzima naandika hotuba ya mazishi yako!"

"Isome basi."

Akaisoma pale pale, kofia mkononi. Alikuwa ameniomba radhi humo kwa yale ya kibanda, akijua siwezi kumjibu.

Nikamjibu.

Baba yako