Amri Mbili kwa Faili Moja

Jumatatu, 22 Septemba 2025
Nimeipiga seva teke. Kidole kimevimba, seva haijali. Diski imejaa asilimia tisini na sita! Inajazwa na logi, faili ambamo mashine huandika kila simu ya dharura inayoingia kituoni kuomba boti ya wagonjwa. Mwezi jana niliweka amri: logi ifungwe kila siku, za zamani zifutwe. Mbona haitii? Nitaangalia kesho.

Jumatano, 24 Septemba
Jana sikuangalia. Dada yangu Lubna alikuwa anapakwa hina.

Asubuhi huko kijijini Mbwajumali wamekatana mapanga, jirani na jirani, ugomvi wa mpaka wa shamba. Mmoja wao, Uthman, alikatwa paja. Walipiga simu kituoni mara tano – boti haikwenda. Wakamleta kwa pikipiki hapa Mtangawanda, akafika damu imemwisha. Inna lillahi. Nimeikanyaga damu yake gatini.

Ami Kamaludin, nahodha wa boti yetu, alikuwa papo hapo anakunywa kahawa. Anaapa simu yake haikulia.

Nimefungua seva. Asilimia mia! Diski ikijaa haiandiki, na isipoandika haimpigii nahodha.

Alhamisi, 25 Septemba
Amri ziko mbili! Ya marehemu Bwana Abdulghafur, aliyenifundisha kazi: logi ifungwe mwisho wa mwezi. Yangu: kila siku. Faili ni moja, basi mashine inashika ya kwanza, yangu inaitupa. Na kila alfajiri iliniandikia kosa hilo. Sikulisoma hata siku moja.

Mbona sikuifuta yake? Heshima. Juu yake aliandika Bismillahi na jina lake. Nani anafuta mkono wa mwalimu wake? Nikaweka yangu pembeni, kwa adabu. Adabu imeua mtu! Leo nimeifuta, nalia, natukana, sijui namtukana nani.

Adhuhuri ndugu zake Uthman wamemkuta Ami gatini. Wamempiga kwa kafi. Meno mawili, mkono umevunjika. Kila pigo wanamuuliza mbona hukuya, naye anaapa, wanapiga tena. Nilikuwa mlangoni. Nilinyamaza. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 26 Septemba
Swala imekwisha, wamekuja. Barka, kaka mkubwa wa Uthman, yuko mbele na panga. Ami yuko chini ya meza ya seva. Jiwe limepita dirishani, kuna vioo juu ya daftari hili. Polisi wanasema wanakuja. Saa nzima sasa wanakuja!

Barka anaugonga mlango: "Mtoe! Fungua mwango, Rumaisa!"

Nimechapa ukurasa wa mwisho wa logi. Unakoma Jumanne jioni. Ya Jumatano hakuna hata simu moja – Ami hakuitwa. Karatasi hii itamwokoa. Halafu Barka atauliza mashine ni kazi ya nani.

Ami ananiambia: usifungue, mwanangu, wakivunja watanipiga mimi wachoke, wewe huna kosa. Sina kosa! Laiti angenitukana.

Bawaba ya juu imeng'oka.

Nimemwambia. Yote – hina, amri, kosa la kila alfajiri. Karatasi imenianguka. Ameiokota kwa mkono ule mzima, ameikung'uta vioo, ananinyooshea mimi, niwaoneshe au niichane –