Hooyo, Farah Amekula Maharagwe Mabichi

Mpendwa hooyo, mama yangu,

Tangu tukuzike sijawahi kukuhitaji kama wiki hii.

Unakumbuka ambulo ya Ramadhani pale kwetu Iftin? Maharagwe mekundu yakichemka tangu adhuhuri, sukari na mafuta ya simsim vikingoja pembeni, na Farah, kitinda mimba wako, akinyemelea sufuria. Siku moja aliyaiba yakiwa bado magumu. Alitapika mpaka ukasahau futari yako. "Yasipoiva hayo ni sumu," ulimwambia huku ukimfuta mdomo. Ulikuwa umekasirika, lakini ulimfuta polepole.

Sumu hiyo hiyo, hooyo, ndiyo kazi yangu sasa. Ni protini ya maharagwe. Maabara tunaitumia ikiwa imesafishwa, tunaidondosha juu ya chembe nyeupe za damu, zile zinazotukinga na maradhi. Chembe zenye nguvu huamka, hujikusanya na kuanza kugawanyika. Kwa mtu aliyedhoofishwa na virusi vya Ukimwi, nyingi hulala tu. Hapo ndipo tunapojua kinga yake imeshuka kiasi gani.

Farah anavyo virusi hivyo. Alikuficha, nami nikamsaidia kukuficha. Alikuwa akimeza dawa vizuri, na nilipomweleza habari za maharagwe alifurahi kuliko nilivyotarajia. Kumbe alikuwa na hesabu zake. Alienda Balambala kuangalia mifugo, dawa akaziacha nyumbani, akawa kila asubuhi anatafuna maharagwe yaliyochemshwa nusu nusu. Amerudi amekonda, tumbo limemharibika kabisa.

"Si wewe mwenyewe ulisema maharagwe inaamsha damu?" akaniuliza. "Hiyo dawa ya hospitali nimechoka nayo, abaayo, dada yangu. Walahi nimechoka."

Nilitaka kumfokea mtaa mzima usikie, ila siri ni yake. Nikamweleza upya: kwenye chupa yanaamsha, tumboni yanaumiza tu. Amerudia dawa, na amekubali kutoa damu kwa utafiti wetu. Tangu siku hiyo siwezi kula. Akikohoa chumba cha pili nashtuka, akinyamaza nashtuka zaidi.

Leo asubuhi nimechungulia kwenye hadubini. Chembe chache zimeamka. Nyingi, hooyo, zimelala. Daktari anasema akimeza dawa bila kukatiza, zinaweza kupata nguvu tena. Daktari namwamini. Farah ndiye ninayemwogopa, maana namjua akichoka.

Amekaa nje kwenye benchi ananingoja, nami bado sijafungua mlango. Natoka sasa hivi kumwambia. Wewe ulizoea kumpokea kila akitoka safari, chai iko tayari na mkeka umeshatandikwa. Safari hii nakuomba, mama yangu, usimtandikie huko uliko.

Ni mimi bintiyo,
dada yake Farah