Kidole cha Baba kwenye Karatasi ya Enos

Nyalenda,
Kisumu.
Jumapili, 6 Juni 1971.

Mpendwa Mama Mdogo Nasambu,

Kabla hata sijakusalimu, acha nilitoe hili: baba ameshtakiwa kwa deni lisilo lake, na aliyemponza ni mimi. Sijamwambia mtu, hata mama.

Sasa nikusalimu. Hamjambo huko Mombasa? Kifua cha mwanao Zacchaeus kimepona? Sisi ni wazima. Mama bado anauza dagaa wa omena sokoni, na anasema umekuwa mvivu wa kuandika.

Unamkumbuka Enos fundi wa nguo, rafiki ya baba, yule aliyekuita shemeji ili umpe chai? Mwaka jana alichukua cherehani kwa mkopo katika duka moja mjini, akamwomba baba amsindikize. Kwa kuwa baba hajui kusoma, alinichukua mimi na yunifomu yangu ya shule. Karani akatoa karatasi ya Kiingereza. Enos akacheka, "Msomi wetu huyu, Kiingereza anakunywa kama uji."

Duka lilijaa watu. Karani aligonga kaunta kwa kalamu: "Mzee, mnataka kulala hapa?"

Mama Mdogo, unajua nilivyo mbele za watu. Nilisoma mistari ya juu tu, halafu nikawa naona wino, sioni maneno. Baba akaniuliza, "Wanasema nini?" Nikajibu, "Wanasema wewe umemwona Enos akinunua. Basi." Akatia kidole kwenye wino, akakibandika. Kumbe chini waliandika kwamba Enos asipolipa, atalipa baba.

Enos amehama na cherehani yake. Watu husema yuko Sondu, lakini baba alikwenda huko na hakumpata. Wiki iliyopita mtu wa korti alileta samansi. Hiyo niliisoma yote. Baba asipopeleka jibu kufikia Ijumaa, watahukumu bila kumsikiliza, na vitakavyobebwa ni randa na misumeno yake. Sasa seremala atafanya kazi na nini, meno?

Jana aliniita niandike jibu lake. Alisema polepole, kama anayepima ubao: "Andika, yule karani alinidanganya. Aliniambia mimi ni shahidi tu. Hata kwa Biblia nitaapa." Nikaandika hivyo hivyo. Na karani hakumwambia kitu. Aliyemwambia ni mimi. Baba akiapa, karani atasema ni binti yake aliyemsomea, na baba wa watu ataonekana mwongo mbele ya hakimu.

Mzee Ouma wa kanisani, ambaye naye alishtakiwa zamani, alimwambia baba hakimu anaweza kumsikiliza mtu asiyejua kusoma, ikiwa watu wa duka hawakumweleza yaliyomo kwenye karatasi. Ni kweli, hawakumweleza. Lakini ili hilo liaminike, itabidi nisimame nieleze nilisoma wapi na niliacha wapi, watu wote wakinitazama.

Nilianza barua hii nikitaka wewe umwandikie baba, umwambie kwa niaba yangu, maana wewe anakusikiliza. Sasa naona jibu lako haliwezi kutufikia kabla ya Ijumaa. Kwa hiyo niombee tu, usimwandikie.

Nisalimie Baba Mdogo, Zacchaeus, na Dorca umwambie nimemkumbuka sana. Mungu awape afya na usingizi mzuri.

Nasikia viatu vya baba nje. Tangu mchana, kila mtu akipita, nimekuwa nikiifunika karatasi hii kwa kitabu cha hesabu. Sasa nimekitoa. Anafungua mlango, na najua ataniuliza naandika nini. Nitamsomea, kisha lile jibu la korti tutaliandika upya.

Wako, mtoto wako akupendaye,
Benta Awuor