Kidirisha Kimekuwa Chekundu

Jumatatu, baada ya radi

Nimeshinda! Sijui niandike nini kingine kwanza.

Mwaka mzima mume wangu, Baba Chebet, amenicheka kwa sababu ya kile kidude fundi alifunga kando ya swichi kubwa, cha kukinga nyumba stima ikipanda ghafla. "Kinakaa tu hapo kama mgeni asiyejua kwenda," aliniambia. Mimi mwenyewe, nikisema ukweli, nilianza kuogopa kwamba fundi alinidanganya.

Leo saa tisa nikiwa shambani nachuna majani chai, radi ikapiga nguzo ya stima pale chini. Sikuwa nimechomoa kitu, na mayai yangu kwa mashine ya kuangulia yamebakisha siku mbili tu! Nilikimbia na kikapu mgongoni.

Kwa jirani, Mama Kiprono, TV na friji zimeungua. Kwetu stima iliporudi, mashine ikawaka, mayai bado yana joto. Kidude tu ndicho kilibadilika: kidirisha chake cha kijani kimekuwa chekundu.

"Si nilikuambia?" Baba Chebet akasema. "Kimeharibika."

"Kimeharibika badala ya mashine," nikamwambia. "Hiyo ndiyo kazi yake."

Akakisogelea, akakichungulia kile kidirisha. Halafu, kwa sauti ndogo, "Na radi ikirudi?"

Kesho yeye mwenyewe anaenda Bomet kununua kingine. Hiki kilichokufa nimekiweka kwa kabati, karibu na picha yetu ya harusi, mahali atakiona kila akinywa chai.